Usianze kwa Kufuta Windows

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa zaidi mtaani ni hili: "Mwalimu, hii laptopu yangu ndiyo basi tena?" Mara nyingi muulizaji ameshika ThinkPad T460, au HP EliteBook 840 G3, au Dell Latitude ya miaka hiyohiyo. Ni mashine za ofisi za Ulaya zilizotolewa kazini, zikaja kwetu mtumba na kuuzwa Kariakoo kwa bei ambayo mwanafunzi au mwenye steshenari anaimudu. Ni ngumu, na kibodi zake zinazishinda laptopu nyingi mpya za bei hiyo. Lakini Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na hizi ni za kizazi cha 6. Kwa kanuni za mwenye Windows, zimestaafishwa. Aliyejisajili amepewa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo, tundu la usalama litakalogunduliwa halizibwi tena.

Jibu langu ni kwamba haijaisha, iwekee Linux. Ila nimejifunza kutoliachia jibu hilo hapo. Nimeona watu wakitoka kwenye mazungumzo ya dakika kumi wamepandwa na mori, wanafuta diski nzima usiku huohuo, na kabla wiki haijaisha wako kwa fundi wakiomba wapigiwe Windows upya. Linux haikuwashinda. Walibadilisha kila kitu kwa siku moja, kisha Jumatatu ikafika na ripoti ya bosi ikawa haifunguki vizuri. Ushauri wangu unakwenda kinyume na mori huo: mfumo endeshi ndio kitu cha mwisho kubadilishwa. Anza na programu, fuata mafaili, jaribu kwa flashi, ndipo uguse diski.

Kwanza tuelewane tunachokitafuta, kwa sababu anayetafuta cha bure tu atakatishwa tamaa mapema. Windows ya kuchakachua nayo haina bei. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao mtumiaji hafungwi nao. Harakati zake, za programu huria, zilikuja kutaja haki nne: kuitumia programu kwa shughuli yoyote, kuusoma msimbo wake na kuubadilisha, kumgawia mwenzako nakala, na kugawa nakala uliyoibadilisha wewe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kilichokuja kuitwa Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Vitu hivyo viwili vilipokutana, mfumo ukakamilika. Matoleo ya Linux kama Debian, Ubuntu, Mint na ndugu zao wengi yote yametoka humo.

"Mimi msimbo nitausoma wapi?" Hoja hiyo naisikia kila mara, na ina ukweli wake. Haki ya kusoma msimbo haimsaidii moja kwa moja mtu asiyejua kuusoma. Inamsaidia kwa njia nyingine, na mfano mzuri ni wa programu ambayo huenda unayo tayari. OpenOffice ilikuwa mali ya kampuni ya Sun, iliyokuwa imeuweka msimbo wake wazi. Mapema mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Waandishi wengi wa programu ile hawakuridhika na mwelekeo wa mambo, na Septemba ya mwaka huohuo wakachukua msimbo wote, wakaanzisha taasisi yao na kuipa programu jina jipya: LibreOffice. Hawakuhitaji kibali cha mtu, maana leseni ilikuwa imewapa haki hiyo tangu awali. Mwandishi wa barua wa Tabora au Kisumu hakupoteza hata ukurasa mmoja. Mafaili yake yaliendelea kufunguka, na programu ikaendelea kuboreshwa. Programu iliyofungwa ikibadili mwenye nayo, au mwenye nayo akiichoka, wewe unapewa tarehe ya mwisho tu. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba ile ya Windows 10.

Na ukidhani mambo haya ni ya wazungu na vijana wa vyuoni, angalia yanayokuzunguka. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kazi Eldoret. Takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hupita kwenye DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Ushahidi, ya kukusanya taarifa za matukio na kuziweka kwenye ramani, iliandikwa na Wakenya katika vurugu za baada ya uchaguzi, mwaka 2008, kisha ikatumika duniani kote. Simu yako ya Android ina kiini cha Linux ndani. Hapa Dar es Salaam, Chuo Kikuu kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, na mwaka 2004 ikatoka Jambo OpenOffice.

Sasa nirudi kwenye Windows ya kuchakachua, maana ndiyo mshindani halisi wa Linux huku kwetu. Ya kununua ni wachache wanaoijua. Fundi anapokupigia Windows, husema kwanza, "Subiri nizime antivairasi." Huizima kwa sababu programu ndogo anayoitumia kuidanganya Windows kuwa imelipiwa hukamatwa na antivairasi. Imetoka wapi? Aliinakili kwa fundi mwenzake, naye kwa mwingine. Inapewa mamlaka yote ya mashine yako kwenye dakika zake za kwanza kabisa, kabla hujaweka neno la siri hata moja. Tuliache suala la wizi wa kazi ya mtu, ingawa nalo lipo. Kwa mashine ambayo utaingilia benki na barua pepe, mimi nisingelala usingizi.

Kuna dada mwenye steshenari karibu na kwangu ambaye sikuwahi kumshawishi kwa maneno. Flashi ya mteja ndiyo iliyomshawishi. Kijana wa chuo aliileta ikiwa na ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Alipoichomeka kwenye kompyuta ya dukani, kilichoonekana ni alama moja tu ya njia ya mkato yenye jina la flashi yenyewe. Mafaili yote yalikuwa yametoweka. Kila mwenye steshenari anakijua kirusi hicho. "Dada, kazi yangu yote iko humo," kijana akawa anarudia. Nikaichomeka kwenye laptopu yangu ya Linux, wote wawili wakiangalia. Dirisha lilipofunguka kulikuwa na ile njia ya mkato, faili dogo lenye mwisho wa .vbs, na folda moja isiyo na jina, yaani jina lake lilikuwa nafasi tupu. Ndani ya folda hiyo ripoti ilikuwa imekaa salama na kila kitu chake. Kirusi kile huyaficha mafaili kwa alama ambayo Windows huitii, lakini Linux inayaonyesha kama kawaida. Lile faili la .vbs nalo limeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo kwenye Linux limelala tu. Tukanakili ripoti, tukaifomati flashi, kijana akachapisha na kuondoka. Dada akauliza swali moja tu: "Na printa yangu itakubali?" Nitalijibu hapo mbele.

Basi tuanze safari yenyewe, na mwezi wa kwanza Windows yako ibaki palepale ilipo. Weka LibreOffice kwa ajili ya barua na hesabu, Firefox kwa intaneti, VLC kwa video na muziki. Zote zina matoleo ya Windows, na ndizo hizohizo utakazozikuta kwenye Linux. Zitumie kwa kazi halisi. Hapo ndipo utakapogundua, ukiwa bado na njia ya kurudi, ni kitu gani hasa kinakukwamisha.

Kitakachokukwamisha kwanza, nakwambia mapema, ni majedwali na fonti. Barua iliyoandikwa kwa Word ikitumia Calibri itafunguliwa na LibreOffice kwa Carlito, fonti iliyotengenezwa herufi zake zikae upana uleule. Cambria nayo ina mbadala wake, Caladea. Kwa hiyo aya nyingi hazisogei. Jedwali lenye visanduku vilivyounganishwa, au nembo ya ofisi iliyobandikwa juu ya maandishi, hilo linaweza kuhama. Kanuni yangu ni fupi: kazi ambayo mwenzako ataihariri, ihifadhi kwa .docx na uikague. Kazi iliyokwisha, itume kwa PDF. Ukienda kuchapisha steshenari nenda na PDF tu, hata kama unatumia Word iliyolipiwa. Kumbukumbu zako za miaka, zile usizotaka zije zikukatae baadaye, zihifadhi kwa .odt. Ni muundo uliopitishwa na shirika la viwango la ISO tangu 2006, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote atakayetaka kuandika programu ya kuusoma. Anayetaka menyu za Kiswahili anaweza kuziongeza kwenye LibreOffice, ingawa nyingine atazikuta bado kwa Kiingereza.

Wapo ambao ningewaambia waishie hapo. Mhasibu ambaye ofisi yake inatumia QuickBooks au Tally kila siku, abaki na Windows. Mchoraji wa majengo anayeletewa michoro ya AutoCAD, abaki. Mbunifu anayepeleka kazi kwenye viwanda vya uchapaji vinavyodai faili la Photoshop au Illustrator, GIMP na Inkscape zitamfaa kwa mengi lakini siku ya kupeleka kazi zitamgombanisha na mteja. Watakwambia ipo Wine, ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Ipo kweli, na programu kadhaa zinakubali. Usijenge riziki juu yake. Mtafiti, kwa upande mwingine, asiogope: R inafanya takwimu nzito, QGIS ni ya ramani, na fomu za kukusanyia data kwa simu za ODK na KoboToolbox ni programu huria tangu mwanzo.

Ukiona mwezi umepita na hujaikumbuka Word, tafuta flashi ya GB 8. Kwa mtu anayeanza naelekeza kwenye Linux Mint bila kumsumbua kwa orodha ndefu. Mashine yenye RAM ya GB 4 ipewe toleo la Xfce, yenye 8 ichukue Cinnamon. Familia ya Mint 22 itahudumiwa hadi 2029. Faili lake la kushusha ni karibu GB 3, kwa hiyo usilichezee kwa bando la mchana. Shusha usiku kwa bando la usiku, au nenda mahali penye Wi-Fi ya kueleweka. Likiisha kushuka lihakiki. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe mfululizo wa tarakimu na herufi na ule ulioko kwenye ukurasa rasmi wa Mint. Watu wengi huiruka hatua hii. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Mint yenyewe wakawaelekeza wageni kwenye nakala yenye mlango wa siri. Iligundulika haraka, lakini baadhi ya walioshusha siku ile waliipata. Tena kwa intaneti yetu ya kukatikakatika, mara nyingi utakachogundua ni faili lililoharibika njiani, jambo litakalokuepusha na usiku mzima wa kuhangaika.

Programu ya Rufus itaandika faili hilo kwenye flashi, na itafuta kila kilichokuwemo. Zima laptopu, iwashe huku ukibonyeza F12 kama ni Dell au ThinkPad, F9 kama ni HP, uchague flashi. Mint itawaka ikiwa kamili bila kugusa diski yako. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo. Kaa nayo jioni nzima. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Vitufe vya mwanga wa skrini vinatii? Kamera? Funika laptopu, ifunue, iamke. Ichomeke kwenye projekta kama wewe ni mwalimu. Chomeka na printa: za HP kwa kawaida hukubali zenyewe, ila baadhi ya LaserJet ndogo kama P1102 zinadai kijalizo kinachoshushwa kwa intaneti, na zile Epson za tangi la wino, ambazo zimejaa steshenari zote, zina programu yake ya Linux. Dada yule ana Epson. Ilichapisha.

Wi-Fi ikigoma, mara nyingi ni chipu ya Broadcom. Usitupe taulo. Chomeka simu kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu, washa kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itaipata papo hapo. Kisha fungua kisimamia-viendeshi cha Mint, nacho kitakupendekezea kinachofaa. Mchezo huu wa simu na waya ndio unaookoa watu wengi kuliko maelezo yote ya mtandaoni, ajabu ni kwamba hauandikwi popote mtu anapouhitaji.

Siku ya kuweka mfumo kabisa, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, uyafungue mafaili matatu manne kutoka humo kuhakikisha yamefika. Ukitaka kubaki na Windows pembeni, inawezekana, na kwa mwaka wa kwanza naishauri. Kabla ya hapo ingia Windows uzime ule uwashaji wa haraka, la sivyo sehemu ya Windows itakuwa imefungwa na Linux haitaandika kitu humo. Angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, chukua ufunguo wake wa dharura uuandike kwenye karatasi. Kwenye ufungaji kuna chaguo la kufuta diski nzima. Lisome mara mbili. Na kwa laptopu za mtumba ambazo betri zake ni jina tu, tafuta siku ambayo umeme una uhakika; ukikatika diski ikiwa inagawanywa, Windows na mafaili yako vyote vinaweza kwenda.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Washa Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ili ukiharibu urudi nyuma. Masasisho ya kwanza yatakula mamia ya MB, yapange kama ulivyopanga kushusha, na kwenye mipangilio uchague seva ya nakala iliyo karibu. Programu za aina ya Flatpak hubeba vikorokoro vyake vyote, kwa hiyo ukiwa na bando dogo chagua toleo la kawaida. Programu ya modemu ya kampuni ya simu huihitaji, Mint inaitambua modemu yenyewe. Jambo moja tu naomba ulishike kwa mikono miwili: usinakili amri ya mtu usiyemjua ukaibandika kwenye dirisha la amri, hasa inayoanza na sudo, neno linaloipa amri mamlaka yote ya mashine, kabla hujaelewa inafanya nini. Linux itakutii, hata ukiiambia ijifute.

La watu nimeliacha makusudi hadi hapa, nalo ndilo linaloamua nani anabaki na nani anarudi kwa fundi. Programu huria inakupa ruhusa ya kutafuta msaada kwa mtu yeyote, lakini mtu mwenyewe haiji naye. Kabla hujafuta kitu, mtafute angalau mmoja unayeweza kumpigia simu: kijana wa chuo cha teknolojia, mhudumu wa maabara ya kompyuta, jamaa wa kikundi cha Linux cha mjini kwenu. Mlipe. Naam, mlipe kama unavyomlipa fundi wa Windows, maana hizo haki nne hazisemi kazi ya mtu ni bure. Na fundi wako wa siku zote usimkimbie, mpelekee flashi hiyohiyo mwambie, "Bwana, jaribu na hii kwa mashine za wateja zilizokataa Windows 11." Mafundi wengi hawaiwekei watu Linux kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaomba. Ofisi yenye kompyuta tano ifanye hivyohivyo, tena ianze na moja, ile ya mapokezi, ambayo kazi yake ni kuandika barua na kufungua barua pepe.

Kama hata laptopu hujanunua bado, flashi hiyo iandae kabla hujaenda dukani. Laptopu za mtumba huuzwa zimepigwa Windows safi, zinang'aa, na kwa kuitazama hivyo hujui ndani pakoje. Muombe muuzaji aiwashe kwa flashi yako. Fungua programu ya Diski uone diski imefanya kazi saa ngapi na kama ina sehemu mbovu. Fungua takwimu za umeme uone betri iliundwa kushika kiasi gani na leo inashika kiasi gani. Iliyoshuka chini ya nusu, punguza bei. Fungua faili tupu la maandishi ubonyeze kila kitufe cha kibodi, kimoja kimoja. Na kama mashine inadai neno la siri la kampuni iliyokuwa nayo Ulaya kabla hata ya kuwaka kwenye flashi, au muuzaji anaanza kusema flashi yako itaiharibu, mshukuru uende duka linalofuata.